Kuni za Kesho

Mbugangari, Gisenyi, 1957

Jumapili, 3 Machi

Mama Nyirabahire alikuja leo kumwangalia Mukashyaka, na tangu aondoke roho yangu haijatulia. Huyu mama ni mkunga wa kule chini ziwani, Mkristo, mtu mzima, mikono yake mikubwa kuliko yangu. Alimpapasa mke wangu tumbo kimya kimya, akanawa, akaniita nje. Alisema damu iliyotoka juzi si nyingi, lakini asiipuuze mtu. Kuanzia leo Mukashyaka asiiname, asibebe, asivute kitu chochote mpaka siku ya kujifungua. Mimba mbili zimeshatutoka. Hii ni kubwa, akasema, na ikitoka kabla ya wakati inaweza kuondoka na mama yake. Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali, afadhali, ningepata wa kumkasirikia.

Nikamuuliza sasa nani atateka maji, nani atapika. Akaniangalia mikono.

Dada zangu wako Ujiji alikotoka marehemu baba. Mama yangu naye hayupo tena duniani. Upande wa mke wangu walimtenga alipoingia Uislamu ili nimwoe. Basi ni mimi. Mimi Muhamadi, fundi wa cherehani, ambaye sijawahi kuosha hata kikombe nilichonywea mwenyewe.

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Mukashyaka amesema niandike kazi za nyumbani kwa utaratibu wake. "Andika, Fundi, sababu we unasahau mbio." Hata yeye ananiita Fundi, kama mtaa mzima.

Kufagia kabla ya kuwasha moto. Maji ya kunywa yachemke, si kupata moto tu. Sufuria isilale na ukoko. Na kubwa kuliko yote, kuni.

Nyumba yetu imekaa juu ya mawe meusi ya mlima wa moto. Nyuma ya jiko mawe yamebonyea, pana shimo, unashuka kwa ngazi za mawe, na chini yake kuna mwamba uliojikunja kama paa. Hapo ndipo penye ukavu peke yake masika yote, kwa hiyo kuni zetu ziko hapo. Chumbani haziwezi kukaa, zinaleta mchwa, nao wanakula nguo za watu. Lakini shimo lile lina mazuku. Ni hewa mbaya, haina rangi wala harufu ya maana, inatoka ardhini na kutuama chini kama maji kwenye bakuli, hasa usiku wa baridi na alfajiri pasipo upepo. Mwenye kuingiza kichwa humo hatoki.

Kwa hiyo sheria ya Mukashyaka ni hii: kuni za kesho zipandishwe leo, adhuhuri, jua likiwa kichwani na upepo wa ziwa ukivuma. Na kabla mtu hajashuka, koroboi iliyowashwa ishushwe kwa kamba mpaka sakafuni kabisa. Ikizimika, hakuna kushuka.

Nilimwambia nimeishi mtaa huu tangu utoto na mazuku nayajua. Akasema kujua ni kitu kimoja, kamba ni kitu kingine. Amenitajia kamba hiyo mpaka nimechoka.

Jumanne, 5 Machi

Maharage yameungua. Tumeyala.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanamke huyu, wallahi, angekuwa mnyapara. Amelala pale, mto chini ya miguu, anasikia kila kitu. Anasikia kama nimefagia chini ya meza au nimeizunguka. Anasikia kama maji yamechemka au nimemdanganya. Leo nilipandisha kuni bila kushusha koroboi kwanza, jua lilikuwa linachoma, upepo upo, kuna haja gani? Aliniuliza, "Kamba iko kwa musumari, sivyo?" Ilikuwa kwenye msumari kweli. Hakugombana. Aligeukia ukutani mpaka magharibi.

Usiku niliamka kusikiliza kama anapumua. Alikuwa anapumua. Nilisikiliza tena.

Jumanne, 12 Machi

Aibu ya leo sitaisahau. Nilikuwa natoka kisimani na debe kichwani, kanzu nimeikunja kiunoni, nikakutana uso kwa uso na Kadiri pale barazani kwake na watu wamejaa. Kadiri ni jirani yangu, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, sasa ni dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini na anajua maneno ya Kifaransa, basi hakuna wa kumnyamazisha. Akasimama, akanipigia saluti, akasema, "Bon! Fundi, njo we umeolewa sasa?" Baraza zima likavunjika mbavu. Mwingine akauliza mahari yangu ilikuwa mbuzi wangapi.

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nusu ya maji ilikuwa mgongoni. Kuanzia kesho nitateka alfajiri kabla watu hawajaamka, na kuni nitazipandisha baada ya magharibi. Shimo letu linaonekana moja kwa moja kutoka baraza ya Kadiri. Si kila mtu anione.

Jumapili, 17 Machi

Jana jioni, giza likiingia, nilishusha koroboi kwa kamba. Nasema kweli, niliishusha kwa sababu tu Mukashyaka alikuwa macho. Ilishuka ikiwaka vizuri, na karibu na sakafu moto ukawa mwembamba, ukalala ubavu, ukafa. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Niliivuta, nikaiwasha, nikaishusha tena. Ikafa palepale.

Asubuhi nilichungulia. Kuku wa jirani alikuwa amelala chini karibu na kuni, mabawa wazi, hana jeraha. Nilingoja mpaka adhuhuri ndipo nikashuka kumtoa. Nimemzika bila kumwambia mtu.

Nimerudi kwenye adhuhuri. Wacheke.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Mvua. Nguo za ndani zimekauka juu ya cherehani.

Jumanne, 26 Machi

Usiku anga upande wa mlima lilikuwa jekundu kuliko kawaida. Majirani wanasema ni moto wake tu, umezoeleka. Mimi nimeuzoea tangu kuzaliwa, lakini safari hii nimeuona ukiwa juu ya mtu ninayehofia maisha yake. Mukashyaka alishikwa na maumivu mgongoni, yakapita. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji moto. Maji yalikuwa tayari jikoni, yamechemshwa na kufunikwa, kwa sababu huwa tayari jikoni kila siku. Niliona kwa mara ya kwanza faida ya kuwa tayari.

Jumatatu, 1 Aprili

Mwezi umeonekana. Ramadhani karimu. Mukashyaka hafungi, Mama Nyirabahire alimkataza, na shehe naye amesema hana dhambi. Mimi nafunga. Kazi za Idi zimeanza kumiminika: kanzu, kanzu, kanzu.

Jumamosi, 6 Aprili

Kuteka maji ukiwa umefunga ni adhabu. Nimepandisha kuni. Nimeshusha kamba. Nimechoka.

Jumatano, 10 Aprili

Kadiri ameleta gora la kitambaa cha amerikani, jeupe, zuri, nimshonee kanzu ya Idi. Alinikuta nachambua mchele. Alipiga mluzi tu. Mluzi huo umenikaa kichwani siku nzima kuliko matusi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimesema na Mukashyaka kwa sauti ya juu, Mungu anisamehe, na saumu mdomoni. Nimemwambia nyumba hii ina mume mmoja na amri kumi na tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia chumvi imekwisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi. Mimi ni mzima, yeye ni mzima mpaka saa hii. Naanza kwa hilo nisije nikasahau kushukuru.

Jana adhuhuri sikupandisha kuni. Kadiri na wenzake walikuwa wamejilaza barazani kungojea jua lipungue, macho yao yote upande wangu. Nikasema nitapandisha alasiri. Alasiri kichwa kikaniuma kwa kiu. Nikasema baada ya futari. Baada ya futari ikaja tarawehe, na niliporudi nikaanguka kitandani kama gunia.

Nikaamka wakati wa daku. Mvua ilikuwa imekatika, kimya kabisa, hata majani ya mgomba hayakusogea. Jikoni hapakuwa na ukuni hata mmoja. Mukashyaka alikuwa amelala, na kamba iko kwenye msumari juu ya kichwa chake. Nikaona nikiingia kuichukua nitamwamsha, ataniuliza, na nitajibu nini? Nikawasha koroboi, nikaishika mkononi, nikashuka nayo.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, na sasa naliona kama lilivyoshonwa. Taa ya mkononi mtu anaishika kifuani ili aone mbele, na mazuku yamelala miguuni. Ilikuwa inawaka sawasawa, safi, haikulala hata kidogo. Nikajiambia shimo leo ni salama. Nikafika chini, nikainama kuokota kuni.

Puani paliwasha kidogo, kama siki. Kisha kifua kikaanza kwenda mbio chenyewe, navuta hewa na haifiki popote. Kichwa kikagonga. Koroboi ikaanguka na kuzimika, na mimi nikajikuta nimepiga magoti gizani nimeshika mawe, nisijue ngazi ziko upande gani. Nilitaka kumwita Mukashyaka. Kisha nikakumbuka kwamba nikimwita atakuja. Nikafunga mdomo. Katika maisha yangu sijawahi kuogopa namna ile. Sikuogopa kufa kwangu, niliogopa kusikia miguu yake kwenye ngazi.

Nikaisikia. Ikaja mpaka juu ya shimo. Ikasimama.

"Fundi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Simama. Hapana inama. Simama sawa mutu iko naanza swala. Hapa hakuna rukuu, hakuna sujudu. Simama tu."

Mimi nilimfundisha swala mwenyewe, siku alizosilimu, kila hatua kwa jina lake. Nilisikia neno simama na magoti yangu yakalitii kabla ya akili. Nikajiinua kwa kushika mwamba. Kichwa kilipofika juu, hewa ikaingia, kidogo, lakini ikaingia.

"Sasa angalia juu. Kitambaa cheupe iko nakuja kwako. Uko naona?"

Niliona. Kitu cheupe kilikuwa kinateremka gizani, kikanigusa bega. Ilikuwa amerikani ya Kadiri; kamba nisingeiona gizani. Alikuwa amefungua gora zima, ncha moja ameifunga kwenye nguzo ya jiko, nyingine amenirushia. Nikaishika. Nikangoja avute. Hakuvuta. Alisema, "Panda mwenyewe. Mi sivute." Nikapanda, ngazi moja, nikapumzika, nyingine, yeye akinisemesha neno lile lile, simama, simama, mpaka nikaanguka kwenye matope miguuni pake na kutapika.

Alikaa juu ya kinu, mikono miwili tumboni, meno yanagongana. Hakunigusa. Hakulia. Adhana ya alfajiri ikatukuta tuko vile.

Jumanne, 16 Aprili

Hajatoka damu. Nimeangalia shuka kila mara mpaka amenifukuza.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na nitakiandika, ingawa ni kibaya. Hakushuka. Mume wake yuko chini anakufa, naye alisimama juu akaniamuru kama mwalimu. Hata kuvuta hakuvuta. Akili inaniambia alifanya vizuri. Moyo unauliza kama ningekuwa mimi juu na yeye chini, ningesimama? Nisingesimama. Basi nani anampenda mwenziwe zaidi?

Jumatano, 17 Aprili

Ilibidi nimwambie Kadiri kuhusu kitambaa chake. Nimekifua mara mbili, matope meusi hayatoki. Nilitaka kudanganya kwamba mvua imepita darini, lakini nilipomwona ameketi pale barazani uongo ukanishinda. Nikamweleza yote, na kwa nini sikupandisha kuni adhuhuri, na kwamba ni kwa ajili ya macho yake. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu.

Nilingoja acheke. Akashika kitambaa, akakigeuza, akauliza mke wangu anaendeleaje. Kisha akasema nishone hivyo hivyo, madoa yakae upande wa mgongo, yeye hajioni mgongo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemuuliza. Nimeshindwa kukaa nalo. Nilikuwa namwosha miguu, sikumtazama usoni, nikamuuliza kwa nini hakushuka.

Aliutoa mguu mmoja kwenye maji, akaurudisha. Kisha akanieleza kitu ambacho miaka yote hii hakuwahi kunieleza. Alipokuwa msichana walimpeleka Kanzenze kwa mjomba wake Sebagabo kusaidia kupalilia. Huko nako kuna mashimo. Mbuzi aliingia shimoni asubuhi na ukungu, mjomba akamfuata. Alipochelewa, mdogo wa mjomba akamfuata. Kisha mke wa mjomba akasikia kimya akakimbia naye akaingia, mtoto mgongoni. Mukashyaka alikuwa anakimbia nyuma yake, na bibi kizee mmoja akamkamata nguo akamwangusha chini na kumkalia. Alipiga kelele, akamng'ata yule bibi mkono, bibi hakuachia. Jua lilipopanda waliwatoa wote, wamelala mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ameshika nguo ya mwenziwe.

"Wote walikuwa napendana, Fundi," akasema. "Mutu ya kusimama juu haikuwa."

Nikaendelea kuosha miguu yake. Maji yalikuwa yamepoa, sikutaka kwenda kuyabadilisha. Nilidhani kamba, na koroboi, na kuni za kesho ni majivuno ya mwanamke anayependa kuamrisha. Kumbe kila siku ya ndoa yetu alikuwa amesimama juu ya shimo ananingoja. Alitetemeka usiku ule kwa sababu miguu yake ilitaka kushuka, naye akaikataza. Mimi nashindwa kuikataza miguu yangu kukwepa kicheko cha baraza.

Jumamosi, 20 Aprili

Adhuhuri. Kamba. Koroboi imewaka mpaka chini. Kuni zimepanda. Watu wameniona.

Jumapili, 21 Aprili

Kamba. Kuni. Baraza lilikuwa na watu. Mmoja alianza kusema kitu, Kadiri akamuuliza ni saa ngapi.

Jumatano, 24 Aprili

Mama Nyirabahire amekuja. Mtoto amegeuka vizuri, kichwa chini. Amesema siku yoyote kuanzia sasa. Amekagua jiko langu, akafunua sufuria moja moja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mtungi. Hakusifu. Alisema tu kwamba siku hiyo itataka moto mkubwa na maji mengi.

Naogopa. Nafagia mahali palipofagiliwa. Mikono ikiwa na kazi hofu inakaa pembeni kidogo, nikiiweka chini inarudi.

Jumamosi, 27 Aprili

Kanzu tano zimebaki na macho hayaoni tundu la sindano. Leo nilitaka kuacha, kwa jina la Mwenyezi Mungu nilitaka. Kuni kidogo zilikuwa zimebaki jikoni, za kutosha daku. Nimeenda nikiwa nimekasirika, nikashusha kamba nikiwa nimekasirika, nikapandisha mzigo kamili. Basi.

Jumatatu, 29 Aprili

Jana saa za daku Mukashyaka aliniita. Kitanda kilikuwa kimelowa. Maji ya uzazi, si damu, niliangalia kwa taa. Nikatoka mbio nikamgongea Kadiri. Alitoka na kanzu ya kulalia, akawasha lori akateremka ziwani kumchukua mkunga. Mtaa mzima uliamshwa na ile injini.

Nikawasha moto. Kuni zilikuwa kavu, zikashika mara moja, na nilishukuru hasira yangu ya Jumamosi. Mama Nyirabahire alipofika maji yalikuwa yanachemka. Akanitoa chumbani, akafunga mlango, na tangu hapo nikawa mtu wa kupokea sauti. Maji. Tena maji. Kitambaa. Moto usishuke.

Lakini mtoto hakuja. Mukashyaka alikuwa anaunguruma kwa sauti ambayo sikuijua. Nje palikuwa kimya, baridi, hakuna upepo, ukungu umelala kwenye mawe. Nilisukuma ukuni wa mwisho chini ya sufuria, na Mama Nyirabahire akafungua mlango nusu. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka viwikoni. Alisema mtoto amekwama njiani, naye akitoka atatoka baridi, atataka maji moto papo hapo. Akasema moto ukifa sasa, asilaumiwe yeye. Mlango ukafungwa.

Kuni za Kadiri na za majirani zilikuwa zimelowa mvua, haziwaki. Nikatazama upande wa shimo. Kuni zipo pale chini, nyingi, kavu, hatua chache tu. Mke wangu analia ndani. Nikajikuta nimesimama, nimeshageuka.

Kadiri, aliyebaki nami uani tangu amlete mkunga, alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya kwanza. "Mi nashuka mbio tu," akasema, "nafunga pua."

Nilimkamata kanzu kwa nyuma. Akanivuta, ni mtu mwenye nguvu, nikamkumbatia kiuno tukaanguka wote kwenye matope. Aliniuliza kwa hasira kama nataka mke wangu afe. Nilikuwa nalia na kumkalia mgongoni, na nilimwambia neno moja tu, nikalirudia: hakuna kushuka. Ndani Mukashyaka akaniita kwa jina langu, Muhamadi, si Fundi. Miguu yangu ikataka kwenda kwenye ngazi. Niliikataza.

Kisha nikaona meza. Meza yangu ya kukatia nguo, ya mninga, aliyoniachia baba, iliyotoka Ujiji kwa meli na kwa kichwa cha mpagazi. Nikachukua shoka. Kadiri alielewa, akaja kushika miguu ya meza. Ilipasuka kwa shida, ilikuwa mbao ya kweli. Ikawaka vizuri kuliko kuni zote nilizowahi kupandisha.

Tulikuwa tunachoma ubao wa mwisho mtoto alipotoka. Hakulia. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye karai, nikasikia kofi, nikasikia Mama Nyirabahire akimwita mtoto kwa Kinyarwanda kama anayemgombeza. Kadiri alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti akichanganya maneno. Kisha kikatoka kilio, chembamba, cha hasira.

Msichana. Mama yake ametokwa na damu, lakini imekatika. Nimemwona. Uso wake ni mweupe kama karatasi hii na yu hai.

Kulipopambazuka nilichukua kamba kwenye msumari. Kadiri akaja nyuma yangu, ana matope mpaka kwenye nyusi, kwa mikono yangu. Niliwasha koroboi, nikaishusha polepole. Sikuifikisha chini. Ilizimika kwenye ngazi ya kwanza kutoka juu, pale pale alipokuwa ameweka mguu. Tuliiwasha tena, naye akaomba aishushe mwenyewe. Ikafa mahali hapo hapo. Kadiri alikaa chini kwenye matope, akashika kichwa.

Nilipoingia chumbani mtoto alikuwa ananyonya. Sina meza, kanzu za watu zimerundikana sakafuni, Idi ni keshokutwa, na nilikuwa sijafagia. Nikachukua ufagio. Nikafagia chini ya kitanda, si kukizunguka. Mukashyaka akafumbua jicho moja.

"Kuni ya kesho iko wapi?"

Nikamwambia bado iko chini, upepo wa ziwa haujaja. Akafumba jicho akalala.